Mnyama wa Mlangoni Alitisha Majirani

Picha za milango ya Kichina hazikauki mitandaoni: mbao nyekundu, misumari yenye vichwa kama vikombe, na uso wa mnyama aliyetoa macho, pete kaing'ata mdomoni. Chini yake huandikwa yaleyale: simba wa kufukuza mashetani. Sibishi. Ila naona hiyo ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi.

Kwanza, kumwita simba ni haraka. Wachina humwita pushou, na ni wa zamani mno. Mwaka 1966, huko Hebei, kaskazini mwa China, kwenye mabaki ya mji mkuu wa dola ya kale ya Yan, iliokotwa pushou ya shaba yenye urefu wa sentimita 74.5 na uzito wa zaidi ya kilo 20. Ilitengenezwa kabla ya mwaka 221 KK, nayo imejaa majoka na ndege yaliyojiviringisha hadi kwenye pete. Lango lililobeba kitu kile sijui lilikuwa na unene gani!

Hadithi ninayoipenda mimi haina simba hata kidogo. Inasimuliwa kwamba fundi Lu Ban, yule ambaye maseremala wa China humtukuza hadi leo, alikuta kiumbe cha majini chenye gamba. Akamwambia toa kichwa nikuone. Kikatoa. Lu Ban akawa anakichora kwa mguu, chini kwa chini. Kilipong'amua, kikajifungia ndani na hakikufunguka tena. Fundi akasema basi, huyu ndiye wa kuwekwa mlangoni. Karne nyingi baadaye, enzi ya Ming, ukoo wa kifalme uliotawala China, walipoorodhesha wana tisa wa joka, mmoja wao akaitwa Jiaotu: ana umbo la konokono, na hulka yake ni kupenda kufunga. Kwa hiyo yule mkali wa mlangoni, ukimfuatilia, ni konokono asiyetaka kusumbuliwa.

Sasa nusu nzito. Mwaka 1393 serikali ya Ming ilipanga nani aweke nini mlangoni. Makabaila wakubwa walipewa lango la rangi ya dhahabu, uso wa mnyama na pete za bati. Maofisa wa daraja la kwanza na la pili, lango la kijani, mnyama yupo. Ukishuka daraja la tatu hadi la tano, lango jeusi na pete za bati, mnyama kaondoka. La sita hadi la tisa, pete za chuma. Yaani mgeni alimjua mwenye nyumba kabla hajagonga. Mimi nasema mnyama yule aliwatisha majirani kuliko mashetani, maana shetani hasomi vyeo.

Raia wa kawaida walitumia menbo, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ni bamba la chuma au shaba lililotuna katikati kama toazi, na jina lenyewe maana yake ni toazi la mlango. Katikati huning'inia pete au kipande chembamba chenye umbo la jani. Ukilinyanyua jani na kuliachia, hulia kaa! na uchochoro mzima unajua una mgeni. Halina meno wala macho. Nyumbani kwetu kazi hiyo hufanywa na koo: hodi, mara tatu, kisha unasubiri.

Siku hizi nyuso za wanyama zinauzwa kwa yeyote mwenye pesa, na wapo wanaozibandika kwenye milango ya ghorofa yenye kengele ya umeme. Sina neno nao. Ila ukijaliwa kupita kwenye vichochoro vya zamani vya Beijing, viitwavyo hutong, tafuta menbo kuukuu, utazame pale jani linapogonga. Bamba zima limepiga weusi, isipokuwa alama moja ndogo inayong'aa.