Rada Kabla ya Sepetu: Yanayoonekana na Yasiyoonekana Ndani ya Makaburi ya Kale

Mwaka 1906 mwanaakiolojia Haakon Shetelig alichimba Salhushaugen, tuta la kaburi lililoko Karmøy, magharibi mwa Norwe. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani miaka miwili tu kabla yake alikuwa ameshiriki kuifukua meli mashuhuri ya Oseberg, mojawapo ya meli ambazo Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walizizika ndani ya matuta pamoja na wafu wao. Safari hii aliambulia sepetu 15 za mbao na vichwa vichache vya mishale. Inaelekea alipofikia tabaka la mawe alidhani tuta limekwisha, akaondoka. Mwaka 2022 watafiti wa makumbusho ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Stavanger walipitisha rada juu ya tuta hilohilo, na katikati yake kukajitokeza umbo la meli lenye urefu wa mita 20 hivi.

Wanaotaka kila kaburi la kale lipimwe kabla ya kuchimbwa wana hoja nzito katika kisa hicho. Rada hutuma mawimbi ya redio ardhini, nayo hurudi yanapokutana na badiliko la tabaka. Muda yanaotumia kurudi ndio unaowezesha kukadiria kina. Udongo haufumuliwi, wala mifupa haiguswi. Uchimbaji, kwa upande wake, huharibu kile kile unachokitafuta, kwa kuwa tabaka likishaondolewa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa, na aliyekosea mahali pa kuchimba hana namna ya kuanza upya.

Hata hivyo, picha ya rada si kitu chenyewe. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba chini ya ukingo wa udongo wa Durrington Walls, eneo la kale karibu na duara la mawe makubwa la Stonehenge nchini Uingereza, yamelala makumi ya mawe makubwa. Mwaka uliofuata palichimbwa, na badala ya mawe yakapatikana mashimo mapana yaliyowahi kubeba nguzo za mbao, kisha yakajazwa vifusi vya chaki, yaani mwamba laini mweupe. Kwa maoni yangu chombo hakikukosea: kilionyesha kwamba pale pana kitu tofauti na udongo unaokizunguka, na ni wasomaji wa picha waliokiita jiwe. Tena, udongo wa mfinyanzi uliolowa hudhoofisha mawimbi upesi, kwa hiyo ukimya wa rada hauthibitishi kwamba kaburi ni tupu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Gjellestad, kusini-mashariki mwa Norwe. Tuta la hapo lilikuwa limesawazishwa kwa kilimo tangu karne ya 19, na mwenye shamba alikuwa akitaka kuchimba mitaro ya kutoa maji. Mwaka 2018 gari dogo lenye rada lilipita shambani, na umbo la meli likaonekana chini kidogo ya udongo unaolimwa. Wengi wangesema meli iachwe palepale, maana imekwishajulikana ilipo na vizazi vijavyo vitakuwa na zana bora. Ni hoja ya heshima, na katika kaburi lililo salama ningeiunga mkono. Lakini mwaka 2019 wanaakiolojia walipofungua sehemu ndogo na kuchukua kipande cha mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, waligundua kuwa mbao zinaliwa na kuvu. Serikali ikatoa fedha, na mwaka 2020 ukaanza uchimbaji kamili wa kwanza wa meli ya kaburi ya Waviking nchini humo baada ya zaidi ya miaka 100. Sehemu kubwa ya mbao ilikuwa imekwisha kuoza, na misumari ya chuma ndiyo iliyosaidia kuonyesha umbo la meli.

Rada haikuweza kuiona kuvu ile. Ndiyo maana naona ni kosa kupanga bajeti ya upimaji peke yake, kana kwamba ramani ikishachorwa kazi imekamilika. Fedha za shimo dogo la majaribio na za kupima afya ya mbao zinapaswa kuwekwa katika bajeti ileile, kabla hata gari la rada halijaingia shambani.