Usisikilize tu, imba

Ukisema una mawazo, utashauriwa na kila mtu: weka nyimbo tulivu, jilaze, sikiliza. Ushauri mzuri, sikatai. Ila kwa maoni yangu, anayeishia kusikiliza amekunywa nusu dozi. Nusu nyingine iko kwa anayeimba.

Nenda kaangalie mazoezi ya kwaya yoyote ya mtaani jioni. Watu wametoka kazini, mmoja ana kikapu cha sokoni miguuni, mwingine bado ana vumbi la bodaboda. Mwalimu anatoa sauti kwenye kinanda, sauti ya kwanza inashika, ya pili inafuata, ya nne inanguruma nyuma. Mstari mrefu hauimbiki mpaka uvute pumzi hadi tumboni, kisha uiachie kidogo kidogo. Pumzi ikitolewa polepole namna hiyo, neva ya vagasi, ile inayotoka ubongoni hadi moyoni, huamka, na kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo mwendo. Na kwa kuwa kwaya nzima inavuta pumzi mahali pamoja, mioyo nayo hufuatana. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima wanakwaya, na mwaka 2013 wakachapisha walichokiona: mapigo yalikuwa yakipanda na kushuka kwa pamoja. Mimi sishangai. Mtu huingia mazoezini amenuna, akatoka anatania.

Kinachonigusa zaidi ni kiharusi. Kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mtu anaweza kupoteza usemi hata akashindwa kuomba maji. Lakini wapo ambao ukiwaanzishia wimbo wa kanisani au kaswida ya utotoni, wanaimba na maneno yanatoka. Mwaka 1973 matabibu wa Boston, Marekani, walieleza namna ya kulitumia jambo hilo: mgonjwa anaimba sentensi fupi huku mkono wake wa kushoto ukigonga mdundo, kisha wimbo unapunguzwa taratibu mpaka yabaki maneno ya kawaida. Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi ya kichwa Januari 2011 akiwa mbunge wa Marekani, naye alisaidiwa na tiba ya muziki kurudisha usemi. Wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, ambao miguu huwagomea ghafla, mdundo thabiti huwasaidia kupiga hatua. Haya yote hayadai mashine ya mamilioni. Yanadai mtu aliyefunzwa, muda, na ndugu wasioona haya kuimba wodini. Kwa nini basi hatuyaoni zaidi kwenye hospitali zetu?

Na si kwamba ni mageni kwetu. Zamani Lamu na Unguja sakafu za chokaa zilipigwa kwa nyimbo, watu wengi wakishindilia kwa mdundo mmoja, maana bila wimbo mikono ingechoka mapema. Kwenye taarab hadi leo shabiki hakai kama mzigo: ubeti ukimgusa anainuka, anakwenda kwa madaha kumtuza mwimbaji, anarudi kitini ametua lake la moyoni.

Sasa, muziki una madhara pia. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki; zile spika za daladala, ambazo zinatetemesha hadi kiti, sidhani kama dereva amewahi kusikia habari hiyo. Na mwenye sonona anayejifungia ndani kurudia nyimbo za kuachwa usiku kucha hajitibu, anachokonoa kidonda. Huyo anahitaji daktari na watu wa kukaa naye, nyimbo zifuate baadaye.

Wale wanaojitetea kuwa hawana sauti nawajua. Mwalimu mjanja humweka mtu wa namna hiyo sauti ya nne, katikati ya wawili wenye sauti nzito, na hakuna anayemsikia. Pumzi anavuta ileile.