Hongera, Umeajiriwa na Shomoro

Kuna watu wanatangaza kulisha ndege uani kana kwamba ni starehe tupu. "Inapumzisha akili," wanasema. "Unakaa na kikombe chako, unatazama tu." Hakuna hata mmoja anayetaja kwamba kabla ya kukaa utapima madirisha kwa futi kamba, utasugua kinyesi kwa brashi na utabishana na kindi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni ukiwapa jembe watalichafua.

Tuanze na chakula, maana dharau zinaanzia hapo. Mtu anachukua mkate uliolala, anaubomoabomoa, anautupa uani, anajiona mkarimu. Mkate unamjaza ndege tumbo bila kumpa mafuta wala protini ya maana, na ukiota ukungu unamletea maradhi ya mapafu. Mabaki yenye chumvi nayo hapana. Shomoro ana gramu 30 hivi, mwili mzima, na figo zake haziwezi chumvi ya sufuria yako. Maziwa tumbo lake haliyawezi. Maharage makavu mabichi yana sumu. Ule uvumi kwamba mchele mbichi unamvimbisha ndege mpaka anapasuka ni uzushi mtupu. Tetere anaula na kudai mwingine.

Anachotaka mheshimiwa ni alizeti, tena ile nyeusi yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Wanaookota chini, kama tetere na njiwa, wape uwele, mtama au chenga za mahindi. Karanga zinakubalika zikiwa hazina chumvi na hazina hata dalili ya ukungu, kwa sababu sumukuvu inaua ndege kimyakimya. Karanga unayosita kuitia mdomoni mwako, naye usimpe.

Usije ukadanganywa na mfuko wa mchanganyiko wa bei poa. Nusu yake ni nafaka za kujazia uzito. Shomoro anasimama mlangoni mwa chombo cha mbegu, anachambua kwa mdomo, asichokitaka anakirusha nyuma bila hata kugeuka. Kinaanguka chini, na usiku panya wanakuja kumalizia. Yaani umenunua mfuko mmoja, nusu ya ndege, nusu ya panya. Nunua kila mbegu peke yake: alizeti kwenye bomba lenye matundu, uwele kwenye kichanja. Kiasi kiwe kile kinachoisha kabla ya jua kuzama. Kikibaki, kesho punguza.

Umeshaweka? Sasa ngoja. Siku ya kwanza hawaji. Ya pili hawaji. Inaweza kupita wiki au zaidi, na kila ukichungulia unakuta mbegu zilezile zinakutazama. Zimwage kidogo juu ya kifuniko ili zionekane kutoka hewani, na usihamishe chombo kila siku kwa hasira, maana wakati wewe unakihamisha wao ndio kwanza walikuwa wanakizoea. Wanakula sana asubuhi mapema na saa moja au mbili kabla ya giza. Ukichungulia saa saba mchana, umejitakia.

Wa kwanza atakuwa shomoro. Ni shomoro dunia nzima. Miaka ya 1850 watu walimbeba kutoka Ulaya wakamwachia Brooklyn, New York, wakidhani atawasaidia kula viwavi. Akala alichotaka yeye, akajaza bara zima. Usidhani uani kwako atakuja na adabu mpya.

Lakini mtazame anavyokula, nakiri hapo ana haki ya kutazamwa. Hadonoi na kumeza. Anaikamata mbegu kwa ukingo wa mdomo, anaizungusha kwa ulimi mpaka ikae sawa, anabana, ganda linapasuka vipande viwili. Kiini kinaingia ndani, maganda yanadondoka pembeni, na muda wote huo jicho moja liko kwako. Sekunde chache, kashika nyingine. Ubaya ni kwamba maganda yanadondokea kichanjani. Baada ya siku mbili kichanja kimejaa, ndege wameadimika, unaanza kulalamika kwamba wamesusa. Hawajasusa. Hapo pana maganda matupu, wewe ndiye huoni. Yakung'ute. Usipulize kwa mdomo ukiwa umeinamia, kwa sababu vumbi lile lina kinyesi ndani yake.

Sasa wapi pa kuweka chombo. Unadhani popote. Thubutu! Ndege akitazama kioo cha dirisha anaona anga na miti, anaingia kwa kasi zote. Kwa hiyo chombo kikae chini ya mita moja kutoka kwenye kioo, ili akishtuka asipate nafasi ya kushika kasi, au kiende mbali, mita 10 na kuendelea. Hapo katikati, mita tatu, nne, tano, ambapo kila mtu anapapenda kwa sababu panaonekana vizuri kutoka kwenye kochi, ndipo wanapokufa. Na ile stika moja ya kipanga katikati ya dirisha haimtishi mtu. Ndege anaikwepa stika, anagonga pembeni yake. Alama zijae kioo chote, upande wa nje, na nafasi kati ya moja na nyingine isizidi sentimita 5. Ukimaliza, watu wa nyumbani watakuuliza dirisha limeugua surua lini.

Paka naye anataka kupangiwa. Kichaka kikiwa karibu mno na chombo, anajibanza humo akisubiri chakula chake kishuke. Kikiwa mbali mno, ndege hana pa kukimbilia kipanga akitokea. Acha mita mbili mpaka tatu.

Kuhusu kindi, vuta kiti. Kindi anaruka mita moja na nusu kwenda juu, mbili na ushee kwa ubavu, na kutoka juu kwenda chini karibu tatu. Kwa hiyo nguzo isimame peke yake, mbali na ukuta, mti na kamba ya nguo, na juu yake, chini kidogo ya chombo, ufungwe mfuniko wa bati wenye umbo la pia uliogeuzwa mdomo chini. Kindi anapanda, anafika kwenye bati, anakaa humo ndani akitafakari, anashuka. Kuna wanaopaka nguzo grisi. Grisi ikishika manyoya ya ndege haitoki, na ndege mwenye manyoya yaliyogandamana hawezi kuruka vizuri wala kutunza joto lake. Afadhali pilipili. Ndege hahisi ukali wa pilipili hata kidogo. Kindi na panya wanauhisi kama sisi. Changanya unga wake kwenye mbegu, kindi ataonja na kwenda zake. Ila changanya ukiwa umeupa upepo mgongo. Kuna siku upepo utageuka, na atakayelia hatakuwa kindi.

Shukrani ya punda ni mateke. Ya ndege ni kinyesi, tena anakiacha ndani ya sahani ileile aliyolia chakula. Hapa ndipo wengi wanapokimbia kazi, na hapa ndipo ndege wanapokufa. Bakteria wa salmonela wanasambaa kwa kinyesi kilicholowanisha mbegu. Ugonjwa mwingine unawashika sana njiwa na tetere kooni: anashindwa kumeza, chakula kinamtoka mdomoni kikiwa na mate, na mwenzake anakiokota. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, na mapema zaidi mvua ikinyesha, mwaga vyote, fungua chombo vipande vipande, sugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha loweka dakika 10 kwenye maji yenye klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Usiichanganye na siki wala sabuni nyingine ya chooni, mvuke wake utakulaza wewe. Suuza mpaka harufu iishe. Halafu kausha kabisa, mpaka kwenye kona, kwa sababu mbegu ikiwekwa kwenye unyevu inaota ukungu na umerudi ulikotoka. Na ufanyie nje, si kwenye sinki la vyombo vya watu.

Ukimwona ndege amejitutumua manyoya, macho yamevimba, hakimbii hata ukimsogelea, ondoa vyombo vyote wiki mbili ili watawanyike. Ndiyo, umefunga mgahawa. Wateja hawatakufa njaa. Sehemu kubwa ya chakula chao wanajitafutia huko nje, na wewe ulikuwa nyongeza tu. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Maji sasa. Watu wanaweka beseni la kina kirefu, halafu wanashangaa hakuna anayeoga. Shomoro hataki bwawa. Anataka kina cha sentimita mbili na nusu, na pale penye kina zaidi pasizidi tano, sakafu yenye kukwaruza ili miguu isiteleze, na mteremko wa kuingilia taratibu. Kama beseni ni refu, panga mawe ndani. Badilisha maji kila siku, au siku ya pili usilale bila kubadilisha, kwa sababu mbu anahitaji takriban wiki moja kutoka yai mpaka mbu kamili. Ukisahau, umefungua mradi wa mbu kwa hisani ya ndege.

Hapo kwenye maji mtazame tetere. Ndege wengi wanachota kidogo, wananyanyua kichwa, maji yanateremka kooni, wanarudia. Tetere na njiwa hawana muda huo. Anatumbukiza mdomo, koo linacheza, anafyonza mfululizo bila kuinua kichwa, anamaliza, anaondoka. Shomoro wa pembeni bado yuko kwenye kunyanyua kichwa.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ana masharti ya peke yake. Yeye ni wa nekta, maji matamu kama ya maua: sukari nyeupe kipimo kimoja, maji manne, koroga mpaka iyeyuke, poza. Usitie rangi nyekundu. Rangi ya chombo inatosha kumwita. Asali inachacha na kuota ukungu haraka. Sukari ya kahawia ina madini ya chuma zaidi ya anayohitaji. Wakati wa joto badilisha kila siku mbili, hata kama hajaigusa, na hajaigusa ndiyo kawaida yake wiki ya kwanza. Sisimizi wataipata kabla yake. Dawa yao ni kikombe kidogo cha maji kinachoning'inia juu ya chombo, kwenye kamba ileile, wakiteremka wanakuta mto. Halafu chozi dume mmoja atakitangaza chombo kuwa mali yake, atakaa tawini akilinda na kufukuza kila anayesogea, hata majike. Ukichoka na ubabe huo, tundika cha pili mahali asipoweza kukiona akiwa kwenye cha kwanza.

Kinda aliyeanguka chini? Akiwa na manyoya kamili na anarukaruka, mwache, wazazi wako karibu wanakusubiri wewe uondoke. Akiwa uchi, mrudishe kiotani. Ile hadithi kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wako ni ya kutisha watoto tu.

Na darubini, msinunue ile ya kuonea mwezi. Iliyoandikwa 8x42 inatosha: inakuza mara nane, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42, kwa hiyo alfajiri bado unaona. Inayokuza zaidi ya hapo inatetemeka mkononi mpaka ndege wanakuwa wawili. Usimtafute ndege kwa darubini. Mkazie macho matupu, kisha inua darubini mpaka machoni bila kuhamisha macho. Mwenye miwani akunje vile vikombe vya mpira vya upande wa macho.

Ukishajua majina, utaitwa kuhesabu. Great Backyard Bird Count, yaani hesabu kuu ya ndege wa uani, ilianza 1998, na tangu 2013 dunia nzima inaalikwa, siku nne za Februari, dakika 15 tu zinatosha. Waingereza wana yao, Big Garden Birdwatch, tangu 1979, saa moja nzima mwishoni mwa Januari, na sharti lake ni kuandika idadi kubwa zaidi uliyoona kwa mpigo mmoja, si jumla. Tetere mmoja akija mara kumi anaandikwa mmoja. Uwele wake umeliwa mara kumi, lakini fomu haina safu ya uwele.