Mgomba umebebeshwa hofu ya mahindi

Mara mbili Bunge la Uganda limepitisha mswada wa mbegu za GMO (zilizobadilishwa vinasaba), Oktoba 2017 na Novemba 2018, na mara zote mbili Rais Museveni aliurudisha bila kuutia saini. Watetezi wa kilimo hai walishangilia, watafiti wakanuna. Kwa maoni yangu, mazao yote yalitiwa kapu moja, na hapo ndipo mjadala ulipoharibikia.

Tuangalie matoke. Mnyauko wa bakteria, ambao Waganda huuita kiwotoka, uliripotiwa nchini mwaka 2001. Jibu la watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda ni kupandikiza jeni la pilipili hoho kwenye mgomba. Wapinzani wanasema chavua itachafua mbegu za asili. Kwa mahindi hoja hiyo ina uzito: chavua yake hupeperuka na upepo, na jirani anayeuza mazao ya kilimo hai Ulaya anaweza kunyang'anywa cheti. Lakini mgomba wa matoke ni nadra kutoa mbegu. Huenezwa kwa machipukizi.

Penye uzito hasa ni umiliki. Chipukizi hutoka kwa shangazi au kwa jirani, bure, wala hakuna anayeuliza ni la nani. Mswada wa 2018 uliweka kifungu kwamba mwenye hakimiliki ya mbegu ya GMO atawajibika kwa madhara hata kama hakufanya uzembe. Watafiti walilalamika kwamba kifungu hicho kitaua utafiti. Huenda. Lakini ukimwambia mkulima mbegu ni salama, kisha ukakataa kubeba dhamana, akuamini kwa lipi?

Upande wa kilimo ikolojia nao una dawa ya mnyauko, na inafanya kazi: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokea, pitisha panga motoni au kwenye jiki, ondoa shina lililougua. Taabu ni kwamba wadudu wanaobeba bakteria kutoka ua hadi ua hawajui mpaka wa shamba. Jirani akiacha kayinja zake, migomba ya ndizi za pombe, zichanue bila kutunzwa, jasho lako limekwenda bure. Hilo wanaharakati wa Kampala hulitaja kwa nadra; mbegu za mababu zina mvuto zaidi jukwaani (na kwa wafadhili).

Mswada ukirudi bungeni, ningetaka migomba ijadiliwe peke yake, mbali na mahindi, na kifungu cha uwajibikaji kibaki kama kilivyokuwa.