Safi Sana, Kaka

Kosa lilikuwa langu, niliuliza kizembe. Badala ya kuuliza kama nyumba imepigwa deki, mimi nikamwandikia mwenye nyumba tuliyotaka kukodi kwa likizo: "Kaka, nyumba safi?" Akajibu hapo hapo: "Safi sana, kaka!" Kumbe mwenzangu anaitikia salamu.

Basi tukapanda boti kwenda Unguja: mimi, Mama Neema, watoto watatu na mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwalika lakini tulimkuta bandarini na begi lake. Siku tatu Paje, laki na ishirini kwa usiku, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa ya minyoo: ada ya usafi, 40,000. Nikalipa bila kinyongo. Nyumba inayotoza elfu arobaini ya usafi, nikajiambia, humo hata nzi anavua viatu mlangoni.

Kijana wa funguo alitupokea kwa bashasha. "Karibuni sana, jisikieni mko kwenu." Hilo la kujisikia kwetu nililielewa baadaye.

Kitandani tulikuta bata maji wawili. Taulo zimekunjwa kwa ufundi, bata wamegusanisha midomo, katikati yao limetokea umbo la moyo, na asumini zimetawanywa pembeni. Watoto wakapiga makofi. Mama Neema hakupiga. Yeye ana ugonjwa mmoja: kitu haangalii, anakifunua. Akamkamata bata mmoja shingo, akamkung'uta, bata akarudi kuwa taulo, na kwenye taulo kukawa na jicho la wanja, kamili, na kope zake na nyusi yake. Kuna mtu alijifutia uso humo akaacha picha ya pasipoti.

"Baba Neema," akasema taratibu, "niwashie tochi."

Hapo nikajua likizo imekwisha. Mama Neema alikutana na kunguni bwenini akiwa kidato cha pili na mpaka leo hajawasamehe. Akaliinua godoro, akaanza kupekua mshono kwa mshono, maana ndiko wanakojificha, na palipo na makazi yao huwa pana vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino. Halafu hawana haraka, wanaweza kukaa miezi bila kula, wanakusubiri wewe na nauli yako. Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia kunguni si mambo ya kwetu tu, hata Paris mwaka 2023 walihaha nao mpaka mawaziri wakaitana vikao, na Olimpiki ya 2024 ilikuwa inawasubiri mlangoni.

"Na hao wa Paris likizo wanakwenda wapi?" akaniuliza, kichwa kiko chini ya kitanda. "Si wanakuja Paje? Tena na mabegi."

Nikanyamaza. Kunguni hawakuwepo, namshukuru Mungu. Zilikuwepo pini za nywele saba, soksi moja, na rasta ya njano ndefu ya kutosha kufungia mbuzi.

Bafuni sisemi sana. Niseme tu kwamba palikuwa na kipande cha sabuni ya mwani, ile wanayotengeneza akina mama wa pwani hiyo hiyo, sabuni nzuri ya kujivunia, lakini hii ilikuwa imevaa unywele mmoja, umeizunguka mara mbili kama saa ya mkononi.

Jikoni ndiko alikopotelea mama mkwe. Alifungua birika la umeme, akachungulia, akanikabidhi bila neno. Ndani lilikuwa jeupe kama limepigwa plasta. Nikamwita kijana. "Hiyo chokaa tu, mzee wangu," akasema, "maji ya huku yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, haina neno." Na kweli, sumu siyo. Lakini birika lilikuwa la lita moja na nusu, na kwa unene wa ule ukuta nakadiria lilikuwa limebaki na lita moja. Mama mkwe akafungua friji, akakuta nusu ndimu imekauka, urithi wa mgeni fulani, akaikamulia mle pamoja na maji, akachemsha, akaacha, akachemsha tena. Ukuta ukaanza kubanduka kama ganda la yai. Tangu bandarini mwanamke huyu alikuwa hajatabasamu. Hapo akatabasamu, akafunga kanga kiunoni, akaulizia jiki.

Mpaka saa kumi jioni tulikuwa bado tunasugua. Mimi nilipewa uma zenye mayai yaliyogandia katikati ya meno, nikazichokonoa moja moja kwa kijiti cha kiberiti. Watoto walipokuwa wanalia wanataka bahari, nikachungulia dirishani: bahari haipo. Upande ule maji yakitoka yanatoka kwelikweli, unabaki mchanga mtupu na akina mama wa mwani kwa mbali kama siafu. Bahari ilituona tumeshika mafagio ikaona isije ikapewa kazi.

Siku ya kuondoka ndiyo nikaiona karatasi nyuma ya mlango, imewekwa ndani ya plastiki ngumu. Mgeni mpendwa, kabla ya kuondoka: osha vyombo, toa takataka, vua mashuka uyakusanye kikapuni, fagia mchanga. Nikamwita kijana wa funguo, nikamweka mbele ya karatasi.

"Hivi ile elfu arobaini inasafisha nini?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nilimwona.

"Ile ya bata, mzee wangu."

Nikataka tuondoke vile vile, mchanga na vyombo vyao. Mama Neema akanikatalia. "Tuiache nyumba hivi, waje wenzetu waseme walikuwemo nguruwe humu?" Tukafagia. Mama mkwe akafuta mpaka feni, iliyokuwa juu, ambayo hakuna aliyemwomba.

Bandarini, tunasubiri boti, simu ikalia: tathmini makazi yako. Mandhari, nyota nne, maana nilitoa moja ya bahari kutoroka. Mapokezi, tano, kijana hakuwa na kosa. Usafi. Nikavuta pumzi, nikabonyeza mbili, kwa nguvu.

Mama Neema alikuwa anaangalia begani kwangu.

"Mbili? Baba Neema, nyumba niliyoisugua kwa mikono hii, kucha mbili zimekatika, unaipa mbili?"

Mama mkwe akageuka kutoka kwenye benchi la mbele. "Nani kapewa mbili?"

Nikaweka tano.