Kiuno kinachouma hadi mguuni: kualisha mgongo au kutelezesha neva?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, hushinda ameinama akipogoa mizabibu. Jioni kiuno kinakaza, maumivu yanateremka kalioni, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu, yanawaka kama pilipili. Hapo kuna neva inayosumbuliwa, na mshukiwa wa kwanza ni diski, ule mto laini, kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno.

Wengi hutufikia sisi wa tiba ya viungo wakiwa wameshachuliwa mtaani, na sasa wanataka mgongo ualishwe, yaani pingili zisukumwe ghafla hadi zilie. Siwalaumu. Utafiti wa Italia wa 2006 uliwafuatilia wagonjwa 102 wa aina hii: maumivu ya mguu yaliwaisha asilimia 55 ya walioalishwa, na asilimia 20 tu ya waliofanyiwa maigizo ya tiba. Si tofauti ndogo. Ila wale walikuwa wamepigwa picha ya ndani ya mgongo kwa MRI, wakashikwa na mikono yenye uzoefu, siku tano kwa wiki, hadi mara 20. Mtu wa Hombolo nauli hiyo ataitoa wapi?

Kutelezesha neva ni kazi ya upole. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo ameulegeza. Akinyoosha goti, anainua kichwa. Akilikunja, anainamisha kidevu. Neva ikivutwa chini, juu inaachiwa, hivyo inateleza kwenye njia yake. Akichanganya, akanyoosha goti huku kidevu kiko kifuani, anaikaza ncha zote mbili, na usiku anaweza asilale. Mapitio ya tafiti ya 2017 yaliona mbinu hii inapunguza maumivu ya kiuno yanayohusu neva. Kweli, haina ule mlio unaompa mtu imani, na wapo wanaokata tamaa wiki ya kwanza.

Mimi huanza na hii kwa sababu mgonjwa anaondoka nayo. Pingili nazisukuma taratibu, bila kishindo, ili tu apate nafuu ya kutembea na kufanya mazoezi. Hata mwongozo wa Uingereza wa 2016 unataka tiba ya mikono iambatane na mazoezi, na mashine za kuvuta mgongo unazikataa.

Yupo mmoja nisiyemgusa kwa mbinu yoyote: mwenye ganzi sehemu zinazokalia tandiko la baiskeli, mkojo umegoma, miguu inalegea. Huyo anatafutiwa gari usiku huohuo, apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji.