Kwata Peke Yake Haizai Kiongozi

Kila Dar es Salaam inapotikiswa na vijana wa mitaani, jibu la kwanza kwenye daladala na vijiweni ni lile lile: wapelekwe jeshini. Lilisikika Januari 2015, watu walipofunga milango mapema kwa hofu ya Panya Road, makundi ya vijana wahalifu. Likasikika tena Septemba 2022, makundi ya vijana wenye mapanga yalipovamia watu majumbani. Siku za kawaida ombi hilo huja kwa upole zaidi. Mzazi wa Tabata au Mbagala anataka shule ya mwanawe iwe na skauti au mafunzo ya ukakamavu, kwa sababu mtoto hasikii, hana ratiba, na simu haimtoki mkononi.

Ombi hili ni la watu wanaowapenda watoto wao, na halistahili kubezwa. Ila lina tatizo tangu mwanzo. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) haliwachukui vijana ambao tunasema wapelekwe huko. Wanaokwenda kwa mujibu wa sheria ni wahitimu wa kidato cha sita. Wanaojitolea huchujwa kuanzia wilayani, na mwenye rekodi ya jinai hapiti. Kijana wa Chanika aliyeacha shule darasa la sita hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo kama kuna kazi ya kufanywa, inapaswa kufanywa mapema, mtoto akiwa na miaka kumi hadi kumi na saba: kwenye skauti, girl guides na vikundi vya ukakamavu shuleni. Swali langu ni kile kinachofundishwa humo.

Nianze na upande wa wanaounga mkono, maana wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Anayesema gwaride ni kupoteza muda hajaliangalia kwa makini. Mtoto anayefuata “mguu pande, mguu sawa” pamoja na wenzake arobaini anajifunza kusikiliza kabla ya kutenda, na kurekebisha hatua yake ifanane na ya jirani bila ugomvi. Nimewaona watoto wasiotajwa kabisa matokeo ya mtihani yanaposomwa, lakini kwenye gwaride wakapata kwa mara ya kwanza mahali pa kusifiwa mbele ya shule nzima. Mtoto wa namna hiyo akisimama wima, hasimami kwa ajili ya mgeni rasmi tu. Wazee wakisema samaki mkunje angali mbichi, hapa wana ushahidi.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchanganya watoto. JKT ilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ilikuwa changa na vijana wake walitoka katika makabila na dini ambazo zilikuwa hazijazoeana. Kambi iliwalaza pamoja, ikawalimisha shamba moja. Leo mpasuko wa Dar es Salaam umehamia kwenye shule. Mtoto wa Masaki anayefuatwa na basi la njano, na mtoto wa Tandale anayekwenda kwa miguu shule ya serikali, wanaweza kukulia katika jiji moja, ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wasikae benchi moja hata siku moja. Kambi ya mujibu wa sheria, iliyosimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo watoto hao wanalala hanga moja, yaani bweni la kambini, na kuitwa kuruta wote sawasawa. Lakini inakuja wakati kila mmoja ameshajua nani wa kwake na nani si wa kwake. Skauti ya kata ingeweza kuifanya kazi hiyo miaka minane mapema.

Upande wa pili nao hauzungumzi hewani. Januari 20, 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, na jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lililoundwa Septemba 1 mwaka huo lilichukua askari wake kutoka kwa vijana wa TANU na JKT. Kwa wakati ule huo ulikuwa uamuzi wa busara. Ila tangu hapo malezi ya vijana kwa njia ya sare yamekaa jirani sana na dola, na kitu kilichopimwa kuliko vyote ni utii.

Tazama yaliyotokea Oktoba 1966. Serikali iliamua wahitimu wa chuo kikuu watumikie taifa miaka miwili, sehemu kambini, na kwa muda mwingi uliobaki wafanye kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza zaidi ya mia tatu warudi makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Miaka 55 baada ya hapo, Aprili 2021, vijana 854 wa JKT waliondolewa kambini kwa utovu wa nidhamu baada ya kuandamana wakidai ajira jeshini. Nao baadaye wakasamehewa. Wale wa 1966 walikuwa wasomi waliokataa kuingia kambini. Hawa wa 2021 walikuwa wamejitolea, wakavuja jasho kwenye ujenzi, na walichotaka ni kubaki. Siwaweki kwenye mizani moja. Kinachonigusa ni kwamba katika makundi yote mawili, kijana alipokuwa na neno kwa mkubwa, hakuona njia nyingine ila kuandamana na kuyabeba matokeo yake. Mafunzo yanayomwandaa mtu kupokea amri na kutoa amri, lakini hayamwandai kusema “sikubaliani, na sababu zangu ni hizi”, yameacha nje nusu ya uongozi.

Nje ya mipaka yetu kuna onyo kubwa zaidi. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi, kadeti za shule za Wazungu ziliwaandaa wavulana kwa utumishi wa jeshi ambao kuanzia 1967 ulikuwa wa lazima kwao. Wale watoto hawakukosa nidhamu. Walikuwa nayo tele, ikatumika vibaya.

Sasa rudi kwenye shule zetu. Ni lini mkazi wa Dar es Salaam humwona skauti? Mara nyingi ni siku ya sherehe: mgeni rasmi anashuka kwenye gari, kijana aliyenyoosha sare anapiga saluti, anamvisha skafu, picha inapigwa. Mwenge ukipita, wapo. Mahafali, wapo. Ni heshima nzuri na sitaki ifutwe. Ila ukimuuliza yule kijana wiki hiyo ameamua nini na wenzake, ameandaa nini, amekosea wapi na amerekebisha vipi, wengi hawatakuwa na jibu, kwa sababu mwalimu ndiye aliyepanga kila kitu hadi nani asimame wapi. Mtoto amekuwa sehemu ya mapambo ya mkubwa. Hilo linaniuma, maana skauti haikuanzishwa kwa ajili hiyo.

Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa mwanajeshi wa dola ya Uingereza aliyepigana vita vya kikoloni katika bara hili, na alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Mtu wa historia hiyo ungetegemea aweke gwaride katikati ya kila kitu. Hakufanya hivyo. Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea, alichukua wavulana wapatao ishirini, baadhi wa shule za matajiri na baadhi watoto wa wafanyakazi, akawagawa makundi manne. Kila kundi likawa na kiongozi wake, naye ni mvulana kama wao. Kiongozi huyo aliwajibika kwa hema, kwa chakula na kwa wenzake. Kwata, yaani mazoezi ya gwaride, aliiona kuwa inaweza kuua utashi wa mtoto ikizidi. Askari huyo aliona kwamba uongozi unafundishwa kwa kumpa mtoto watu wachache wa kuwajibika kwao.

Kama jambo hili linajulikana tangu 1907, kwa nini gwaride bado linashinda? Sidhani ni kwa sababu walimu wetu wanapenda ubabe. Gwaride ni rahisi kwa gharama. Mtu mmoja mwenye filimbi anaweza kuwachezesha watoto mia mbili uwanjani kwa saa moja, na matokeo yanaonekana hapo hapo. Kuwaachia watoto wanane wapange safari ya Pugu, wahesabu nauli, wagawane kazi, wagombane, wapatane, kunahitaji mtu mzima aliyekaa kando akiangalia, anayejua lini aingilie na lini anyamaze. Kwa watoto mia mbili unahitaji watu kama hao wengi. Katika shule ambako mwalimu mmoja ana wanafunzi zaidi ya mia darasani, nani atamdai afanye hivyo Jumamosi, tena bila posho? Ninaposikia wataalamu wakiwalaumu walimu kwa “kufundisha utii tu”, naona hawajahesabu watu wazima waliopo.

Kuna pingamizi jingine dhidi ya ninachokitetea, nalo ni la kweli. Ukimpa mtoto madaraka juu ya wenzake bila usimamizi, unaweza kuzaa mwonevu. Aliyesoma bweni anawajua viranja waliowafulisha wadogo nguo na kuwanyang’anya sukari. Kwa hiyo simaanishi watu wazima waondoke. Namaanisha uongozi uzunguke, asiwe mmoja mwaka mzima. Na anayeongozwa awe na mahali pa kulalamika ambapo kiongozi wake hapafikii.

Adhabu nayo inahitaji mpaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko shuleni visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mkufunzi wa gwaride aliyealikwa Jumamosi hana ruhusa hiyo. Lakini kuruka kichura, kupiga magoti kwenye kokoto na pushapu juani hadi mtoto aanguke hupita kwa jina la ukakamavu. Wapo watakaosema ndivyo walivyokuzwa na wakawa watu. Najua. Ila mtoto wa miaka kumi na mbili aliyeadhibiwa hadi kuzimia haongezi ujasiri. Anajifunza kwamba mwenye cheo anaweza kuufanyia mwili wa mdogo anavyotaka. Akipata cheo, atakumbuka. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi, na kambi yoyote ya kulala isiyo na mlezi mwanamke aliyefunzwa isifanyike, hata kama barua za wazazi zimekamilika.

Gharama nataka kuigusa kwa ufupi. Sare, skafu, viatu na mchango wa kambi humwacha nje mtoto ambaye mafunzo haya yangemfaa kuliko wote. Kikundi kinachodai sare kamili kabla mtoto hajaingia kimeshachagua watoto wa nani kinawataka. Skafu pekee inatosha mwaka wa kwanza.

Kuhusu kazi ya kufanya, jiji lenyewe linatupa mitaala. Bonde la Msimbazi linafurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Novemba 16, 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, na waliokuwa karibu ndio waliokuwa wa kwanza kufukua vifusi kwa mikono. Kikundi cha vijana wanaojua kuzuia damu, kumgeuza aliyezimia, kupanga watu mstari wa kupokezana na kuzuia umati usisogee kingekuwa na thamani ambayo kila mtaa ungeiona. Na hapo kwata inarudi na kazi yake halisi: watu waliozoea kutembea pamoja na kusikia sauti moja hawavurugani penye vumbi na vilio. Kiongozi wao akiwa ameshawahi kukosea kwenye zoezi, akarekebishwa mbele ya wenzake bila kudhalilishwa, atakuwa tayari kusema “hapa tusiingie, ukuta unataka kuanguka” hata kama mkubwa anawahimiza waingie.

Kwa hiyo wanaotaka kila shule ya Dar es Salaam ifunguliwe kikundi mwaka huu huu, mimi siungani nao, ingawa shauku yao naishiriki. Idadi ya vikundi iongezeke kwa kasi ya kupatikana kwa walezi. Fedha za kwanza ziende kuwafunza na kuwalipa posho watu wazima, kisha skafu, na gwaride la maonyesho lije mwisho. Mzazi anayeombwa mchango aulize mwanawe ataongoza nini, kwa muda gani, na nani atamsikiliza akiwa na malalamiko. Shule isiyoweza kupata walezi wawili waliofunzwa, mmoja wao mwanamke, kwa sasa ibaki na mpira na mchakamchaka wa asubuhi.